Nyumba Iliyotobolewa Kaskazini

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu, mke wa Haskie alikoroga uji wa mahindi ya buluu, akatia majivu kidogo ya mti wa mreteni, akamsukumia mumewe bakuli.

"Kula, mzee. Mbuzi wako wameshaanza kunitukana huko nje."

"Na matusi kawafundisha nani kama si wewe?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akaegemea mlango wa mashariki mpaka kikapita. Kisha akaketi kufuma zulia lake.

Jina lake halitaandikwa hapa. Kwa Wanavaho, wenyeji wa jangwa la Marekani, aliyekufa haitwi jina, asije akaitika.

Alikuwa mtu wa mikono. Miaka ile Haskie alipokuwa mbali akitandika reli katika nchi za Wazungu, mkewe ndiye aliyetengeneza sakafu. Sakafu za jirani zote zilikuwa za udongo. Yeye aliyaona mawe bapa yenye mistari ya manjano, yametupwa nje ya mgodi wa urani, akayabeba kwa gari la farasi. Mchanga wa pale pale akaukandikia kuta. Majirani walikuja kuona, wakaenda kuchukua yao. Watoto walijifunza kutambaa juu ya mawe yale. Siku za joto walilala juu yake kifudifudi, mashavu chini, wapate ubaridi.

Mchana wa siku ile ya uji akaja Kee, mtoto wa dada wa mke wa Haskie, aliyekuwa mkalimani wa watu wa serikali. Alishika kijisanduku cha kupimia mionzi. Mlangoni kililia taratibu. Alipokiinamisha sakafuni kikapayuka kama mahindi kwenye kikaango.

"Kina njaa hicho?" mke wa Haskie akauliza. "Kuna uji umebaki."

Kee hakucheka. "Mama mdogo, kaa nikwambie. Ndani ya jiwe hili mna urani. Inachakaa yenyewe, inageuka kitu kingine, nacho kinageuka kingine, ukoo mzima. Wasomi wanasema mama na mabinti. Humo ukooni anazaliwa radiamu. Radiamu anazaa hewa, wanaiita radoni. Haina harufu. Inapanda hapa ulipokaa, unaivuta."

"Nayo inazaa?"

"Inazaa. Mabinti wa radoni maisha yao mafupi, wengine dakika tu. Lakini wananasa kifuani, na kila anayegeuka anaunguza. Mpaka mwisho wa ukoo, madini ya risasi. Huyo hageuki tena."

"Mabinti wote hao na baba hatajwi! Ukoo gani huo, Kee? Hata kuoa kwao mtu anaogopa." Akagusa jiwe kwa kidole. "Na huyo mama mkubwa atakufa lini?"

"Wana neno, nusu-uhai. Ni muda wa nusu yake kuisha. Kwa urani, ni sawa na umri wa dunia."

"Na nusu inayobaki?"

"Inangoja muda ule ule, ibaki nusu ya nusu."

Mama akayatazama mawe yake moja moja. Haskie hakuwahi kumwona akitazama kitu namna ile.

"Hameni," Kee akasema. "Kung'oa sakafu hakutoshi, maana imo hata ukutani. Serikali itawajengea nyingine."

Haikujenga. Kiangazi walilala nje, kwenye kibanda cha matawi. Baridi ikawarudisha ndani. Kikohozi kikaanza kuleta damu, na daktari wa mjini akasema ni mapafu, na kwamba amechelewa.

Binti yao, Desbah, alikuwa akipanga mjini na watoto wake wawili. Kwao nyumba ya mama hurithiwa na binti, naye aliitaka.

"Kee analipwa kututisha," alisema. "Mimi nimekulia juu ya mawe haya. Nimeota mkia?"

"Hukuota. Usiwalete watoto."

"Mama, jiwe ni jiwe!"

"Desbah, nakuomba."

"Ni vumbi la sufu hilo linalokukohoza. Umefuma mno."

Mama aliomba mpaka sauti ikakauka. Haskie naye alisema, akaambiwa, "Baba, wewe ulikuwa kwenye reli, unajua nini?" Theluji ilipoanza kuyeyuka, Desbah alifika na magodoro ya watoto juu ya gari.

Akamkuta mama yake anakata roho.

Kwao, mtu akifikia hapo hutolewa nje, afie kibandani. Akifia ndani, ukuta wa kaskazini hutobolewa apitishwe, na nyumba huachwa pamoja na vyote vilivyomo. Mtu haingii tena, kwa kuogopa mzuka wa aliyefia humo. Hata kuni zake haziokotwi.

Basi Desbah akashika pembe za blanketi upande wa kichwa, Haskie upande wa miguu. Mama akaikumbatia nguzo ya nyumba.

"Mama, achia! Twende nje!"

Hakuachia. Mikono ile, mifupa mitupu, walishindwa kuibandua.

"Baba, mwambie! Ataiharibu nyumba!"

Haskie alimtazama mkewe usoni. Akaiweka miguu ya mkewe chini, taratibu, akamfunika vizuri.

Jua lilipopanda mama akawa amekwisha. Haskie ndiye aliyeutoboa ukuta, kwa shoka. Magodoro ya watoto hayakushushwa garini.

Sasa Desbah huendesha gari kuzunguka kilima kizima ili asipite pale. Watoto wake hata kidole hawakielekezi upande ule. Wanakua, hawakohoi. Haskie anaishi ng'ambo ya bonde. Huko malishoni, mara nyingine husikika akisema "Naam?" na hakuna aliyemwita. Hapo huwapeleka mbuzi upande mwingine, bila kugeuka.

Asubuhi ile, kabla pumzi haijamwishia, kashika nguzo, mkewe alimwambia Desbah:

"Kisanduku cha Kee hukukiogopa, mwanangu. Mimi utaniogopa."