Kioo Juu ya Ufa

Enzi zetu pale Ngara, likizo ya Agosti ilikuwa baridi, mchezo wa kati wa kukwepa mpira, gololi tulizoziita bano, na mabuyu yaliyotuachia midomo myekundu. Kwangu, mwaka mmoja, ilikuwa pia likizo ya ufa.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Yeye na wenzake walikuwa wakitoboa mlango mpana ili majengo mawili ya zamani katikati ya mji yawe ofisi moja. Juu ya mlango huo ukuta ulikuwa na ufa, nao wakabandika hapo kipande chembamba cha kioo, kikashikwa na simiti pande zote mbili. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hupasuka kabla jiwe halijaanguka.

Kila mchana niliwapelekea githeri ya mahindi na maharagwe kwa miguu. Mama hakubadilisha maneno: "Kwanza utazame kioo, ndipo umwite babako." Harufu ya vumbi la chokaa ilinipokea mlangoni, pamoja na Omondi, rafiki ya Baba: "Wee Kui, umeleta chakula ama umekuja kutukagua?"

Siku moja nilikuta mstari kwenye kioo, mwembamba kama unywele. Nilikinyooshea kidole.

"Injinia wetu ameona nini leo?" Omondi akacheka. Kisha akatazama juu, akamwita Baba.

Baba alishuka polepole kutoka kwenye jukwaa la mbao. "Tokeni nyote. Githeri tutakula nje."

Walikula wamesimama, macho ukutani. Mchana huo waliegemeza ukuta kwa nguzo za chuma, wakabandika kioo kipya, na asubuhi Baba akarudi kazini. Kurudi kwake kulinitisha kuliko ule ufa. Simu hatukuwa nayo. Jioni maji ya ugali yalichemka na Mama hakutia unga mpaka asikie kikohozi cha Baba getini.

Siku hizi ninapita mlango ule nikiwa na shughuli mjini. Sakafu za majengo yale hazikulingana, kwa hivyo kuna ngazi mbili, na vijana wa ofisini hujikwaa hapo, macho kwenye simu, wakiuliza ni nani alijenga vibaya hivi. Hakuna anayetazama juu. Ufa ulizibwa, ukapakwa rangi, na Baba anazeekea Dagoretti akilalamikia magoti tu.

Jioni mwanangu huniandikia kwa simu, "Mum, nimeshuka stage." Nasoma, nashukuru. Maji yanachemka. Unga sitii mpaka nisikie geti.