Kimya cha Cucu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, kanisani kwetu Kamenu, nikiwa na umri kama wako na kiburi cha kukushinda kidogo. Kesho yake kwaya ilikuwa inamuaga nyanya yangu, Cucu tulivyomwita, aliyeiongoza tangu mama yangu akiwa msichana. Wimbo wa mwisho ungekuwa wake.

Masikio ya Cucu yalikuwa yamekwisha, kwa hivyo aliimba kwa macho. Programu ya kanisa ilimulika maneno ya nyimbo ukutani. Maneno yakiwepo, anaimba. Ukuta ukibaki mtupu, ananyamaza na mama anapiga kinanda peke yake, mpaka ubeti mwingine utokee. Nyimbo zilihifadhiwa kwenye faili za XML, maandishi yenye alama za kuiongoza kompyuta, na ule utupu uliandikwa hivi: <kimya></kimya>. Alama ya kufungua, alama ya kufunga, katikati hakuna kitu.

Mimi, msomi wa juzi, nikazirekebisha nyimbo kwa programu yangu mpya, nayo wakati wa kuhifadhi ikafupisha kila penye utupu: <kimya/>. Nikafurahi, kazi safi! Lakini programu ya kanisa ilikuwa ya zamani na haikuujua ufupisho huo. Ikawa inauruka.

Basi kwenye mazoezi beti zikafuatana bila pumzi. Cucu akaimba pale kinanda kilipopaswa kuwa peke yake, akakimbizana na maneno, vijana wakacheka. Akaketi.

"Hata macho yamenikataa," akasema. "Kesho mwimbe nyinyi."

Niliumia, mwanangu, lakini mdomo haukuwa umeumia bado.

"Mum, hiyo file iko sawa," nikasema. "Sheria ya XML inasema ndefu na fupi ni kitu moja. Hii programu yenu ndiyo ya kitambo."

Mama akafunga kinanda pole pole. "Haiya! Kwani uliandikia sheria, ama uliandikia cucu yako?"

Akili nyingi huondoa maarifa. Nikafungua mipangilio ya kuhifadhi, na chaguo lenyewe lilikuwa pale pale, ningetazama tu. Nikaiamuru programu iandike utupu kwa alama zote mbili, nikahifadhi upya, nikamshika Cucu mkono hadi mbele ya ukuta. Maneno yakaja, yakatoka, ukuta ukabaki mweupe.

"Kumbe si macho yangu!" Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Nilimpenda sana siku hiyo.

Jumapili aliimba. Kila ukuta ulipobaki mtupu alivuta pumzi, na kanisa zima likamngoja.

Kwa hivyo mwanangu, kabla ya kuhifadhi faili, uliza ni nani atakayeisoma, uiandike anavyoisoma yeye. Usiiache programu ikuchagulie. Na kisicho na kitu ndani usikidharau, huenda kuna mtu anapumulia hapo. Nenda kazini kwako Ruiru, Mungu aibariki mikono yako, na siku pumzi itakapokuwa haba, akupe watu wa kukungoja.