Mshindi Habanduki Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa kuosha glasi katika baa moja pembeni mwa Pumwani, na kabla jua halijatua nilikuwa nimevunja nyingi mno. Mwenye Baa hakunifukuza. Alijua nina mtoto mdogo, Nekesa, na kwamba babake alikuwa amerudi Bungoma kwa sababu zake mwenyewe. Alinipa brashi, akanipeleka kwenye meza ya pool.

"Kitambaa hupigwa brashi kuelekea upande mmoja tu," akaniambia, "kutoka pale wanapoanzia mchezo hadi mwisho wa meza. Ukirudisha nyuma, mipira itaenda kombo na lawama zitakuja kwangu. Hii unaiweza?"

Nikamwambia kwamba angalau meza haivunjiki.

Nyinyi mnaosoma haya mmezoea kuona wasichana wakicheza pool. Wakati wetu mwanamke aliyeshika fimbo ya pool alitazamwa kama aliyepotea njia. Kazi yangu ilikuwa kusafisha kitambaa, kupaka chaki ncha za fimbo, kupanga mipira ndani ya pembetatu ya mbao, na kuamua ugomvi. Asubuhi kabla ya wateja kufika, nilicheza peke yangu. Hakuna aliyenifundisha wala aliyenikataza, na siku wateja walipokosa mtu wa kukamilisha mchezo, nikaingia. Sikutoka tena.

Sheria ya baa zetu ni moja: mshindi anabaki. Anayetaka kucheza huweka sarafu yake ukingoni mwa meza, na zamu yake ikifika anapambana na yule aliyeshinda. Ukishindwa unarudi kwenye benchi. Watu hudhani benchi ni mahali pa aibu. Jamani, maisha yote ya baa yako pale. Pale ndipo wanapotaniana, wanapolalamikia makosa yao, wanapopanga harusi na kuchangia mazishi. Mtu akifiwa, benchi lilijua kabla yangu. Mimi nilikuwa nimesimama mezani nikishinda.

Siku moja Mwenye Baa akaniita kando. "Mama Nekesa, wateja wananung'unika. Wanasema hawawezi kukutoa."

"Basi nipunguze makali?"

"Usipunguze. Kuna timu Makadara inatafuta mchezaji. Nenda huko ukawasumbue wengine."

Ndivyo nilivyohamia Makadara, klabu iliyokuwa na timu ya kucheza kila Jumapili na klabu nyingine. Kapteni wa timu alikuwa karani wa ofisini, mtu wa tai hata siku ya mapumziko. Alinitazama nikiingiza mipira kadhaa, asitikisike.

"Hiyo kila mtu anaingiza," akasema. "Mimi nataka uniambie mweupe utasimama wapi baada ya hapo."

Mpira mweupe ndio pekee unaoruhusiwa kuugonga kwa fimbo, na anayeujua ulipo anaijua meza yote. Kapteni alinifundisha kuusimamisha ninapotaka. Kisha akanifundisha kusnuka, yaani kuuficha mweupe nyuma ya mpira wangu ili mwenzangu asipate njia ya kuufikia wake. Hapo mwenzako huzunguka meza akikuna kichwa, nawe unangoja. "Usimwonee mtu huruma mezani," Kapteni alisema. "Utamwonea nje."

Nje hapakuwa na mtu, isipokuwa Mutiso. Huyu alikuwa mchonga vinyago, Mkamba mwenye maneno mengi, na ndiye peke yake aliyeshindwa nami Jumamosi hadi Jumamosi na bado akarudisha sarafu ukingoni. Alikuwa akiongea hata mimi nikiwa nimeinama kulenga. "Mama Nekesa, huo mpira unakuogopa, uonee huruma basi." Nilikuwa nacheka hadi nasimama kujipanga upya. Nilimpenda Mutiso, na sikumwambia.

Kisha Jumapili moja akaja akichezea timu ya wapinzani. Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsnuka Mutiso mchezo wa kwanza, nikamsnuka wa pili, na katika wa tatu hakupata hata nafasi moja safi. Aliacha kuongea. Tulipopeana mikono akaniambia taratibu, "Leo hujacheza na mimi. Umecheza na meza."

Hakuweka sarafu tena mahali nilipokuwa. Hadi leo sioni kosa langu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi na niliifanya sawasawa. Lakini Jumamosi zilikuwa ndefu baada ya hapo.

Miaka yangu ya mwisho ya kazi nilikuwa mtaa wa Lucky Summer. Bosi wangu, Mwenye Meza, alikuwa mama mwenye meza katika baa kadhaa, nami nilizikagua zisiwe zimeinama na kuwanoa wachezaji wake. Mgongo ulipokataa kuinama akaniambia, "Mama, umefanya vya kutosha. Pumzika." Nikapumzika. Nekesa ameolewa Kakamega, hunipigia simu Jumapili. Nasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Mwezi uliopita Akinyi, msichana niliyemfundisha, alinikuta dukani. Yeye na wenzake huniita Shosh, yaani nyanya. "Shosh, niaje? Nikuulize kitu. Ulicheza serious miaka hiyo yote. Bado unaskia utamu, ama iliisha ikawa tu kazi?"

Basi Jumamosi mchana nikaenda baa anayochezea, nikamwambia tucheze ndipo nijue.

Nawaambia ukweli, utamu upo. Nilipoinama mgongo ulilia, lakini mweupe ulisimama pale nilipoutuma, na furaha ikanijaa kifuani kama zamani. Niliingiza mipira yangu yote. Ukabaki mweusi, ule wa kumalizia mchezo, mbele ya mfuko wa katikati, mpira ambao hata mlevi angeingiza. Macho ya uzee yakanionyesha mpira mmoja kama miwili. Nikakosa, na Akinyi akamaliza.

"Pole, Shosh."

"Usinipe pole, umeshinda."

Wala sikuumia. Nilisikia wepesi wa ajabu, kwa sababu sasa ilikuwa haki yangu kwenda kwenye benchi. Vijana wanne walikuwa wameketi pale wakicheka hadithi ya mwenzao aliyekimbizwa na mbuzi huko mtaa wa Baba Dogo. Nilitaka kusikia mwisho wake. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kuingilia.

Wote wanne wakasimama.

"Kaa hapa, Shosh, kaa vizuri." Mmoja akapangusa mbao kwa mkono wa sweta yake. Niliwaomba wakae, wakasema wako sawa tu. Wakasogea hadi mlangoni, na huko wakamalizia hadithi yao kwa sauti ya chini, kwa heshima zote. Sikujua mbuzi aliishia wapi. Niliketi katikati ya benchi lile refu na mikono yangu magotini, upweke ukanishika kama homa.

Akinyi alikuwa akipanga mipira. Nikanyanyuka, nikamwomba tucheze tena, na safari hii nikamsnuka kila nilipoweza, mchezo usiishe upesi. Mezani, angalau, kuna mtu mmoja anayelazimika kusimama nami mpaka mwisho.