Jiwe la Alhamisi

Nilimchoma mwenzangu shavu kwa ncha ya bikari katikati ya kipindi cha hesabu, kidato cha pili, na mpaka leo nikilikumbuka lile shavu nasikia raha kidogo kabla aibu haijafika. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka na watu wazima wanaosimulia ubaya wao wa utotoni kana kwamba waliufanya wakiwa usingizini. Mimi nilikuwa macho. Aliziba pua nilipopita, akawaambia wa nyuma yake kwamba mapanki yameingia darasani, na darasa zima likacheka. Damu ilidondokea daftari lake. Mimi niliendelea kuchora pembetatu yangu mpaka mwalimu aliponishika ukosi wa shati.

Ni kweli nilinuka. Mama yangu alikaanga mapanki Mkuyuni. Enzi zile viwanda vya samaki vilikuwa vimeota kando ya ziwa kama uyoga, minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda kuliwa na watu tusiowajua, na sisi tukaachiwa kichwa, mifupa na ile nyama iliyogoma kubanduka. Hayo ndiyo mapanki. Kwenye geti la kiwanda wanawake walipanga foleni ya mawe. Nani alikuwa na muda wa kusimama pale tangu alfajiri hadi saa nne, geti lilipofunguliwa? Kila mmoja aliweka jiwe lake, au kipande cha tofali, au kopo lenye mchanga, akarudi nyumbani kuchota maji na kuwapa watoto uji. Jiwe lako lilikuwa ndiyo wewe. Mtu akilisogeza, amekusogeza wewe, na hapo mnashikana.

Mimi ndiye niliyelipigania jiwe la mama. Nilianza nikiwa na miaka kumi na moja. Nimeng'oa nywele za watu pale, nimeng'ata sikio, siku moja nilimvunja kidole mwanamke mwenye umri wa kunizaa kwa kukikanyagia kwenye ukingo wa beseni. Mama alinigombeza mbele za watu kwa sauti kubwa. Tukifika nyumbani Igogo aliniwekea kichwa cha sangara chenye mashavu yake yote, ile nyama tamu kuliko zote, na wadogo zangu wakaambiwa wasiiguse. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Shuleni hawakujua mambo ya mashavu. Mkuu wa shule, mama mrefu asiyepandisha sauti, alinichapa viboko sita kisha akamwita mama yangu ofisini.

"Huyu nikimfukuza leo hakuna atakayenilaumu," alisema. "Nampa nafasi moja. Kuna nesi wa wagonjwa wa akili anakaa na vijana wa tabia hii kila Alhamisi. Aende muhula mzima. Akimpiga mtu tena, popote pale, nesi ataniandikia, na safari yake ya shule itakuwa imeishia hapo."

Mama alipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ile akashukuru mara nyingi mno. Katika ukoo wetu hakuna mtoto wa kike aliyekuwa amefika kidato cha pili. Nilimwona akiwa chini pale na unga wa kukaangia bado uko kwenye kucha, nikamchukia mkuu wa shule, nikajichukia na mimi.

Nesi alikuwa mnene, mwenye mwanya, na alikuwa amerudi kutoka kozi na ujuzi ambao hospitali haikujua iuweke wapi. Wakampa stoo nyuma ya hospitali, yenye mikeka miwili na harufu ya dawa ya kusafishia choo. Tulikuwa watano. Mmoja alikuwa mvulana aliyemkata kaka yake kwa panga kwa sababu ya redio. Siku ya kwanza nesi alitushusha ufukweni akamwambia kila mmoja achague jiwe la kujaa kiganja. Langu lilikuwa jeusi lenye mstari mweupe uliolizunguka. Tukarudi, tukakaa kwenye mikeka.

"Lishikeni," alisema. "Msifanye kitu kingine. Sikilizeni uzito wake, na ubaridi wake unavyoondoka. Pumzi ikiingia, jueni inaingia. Ikitoka, jueni inatoka. Wazo likija usilifukuze, na usilifuate. Litazame tu."

Yule wa panga alicheka mpaka kamasi zikamtoka. Mimi nilifikiri hospitali imemchanganya nesi na mgonjwa wake. Alinigeukia akaniuliza hasira yangu hukaa wapi mwilini.

"Kwenye kiwiko, nesi," nilijibu, nikitaka wenzangu wacheke.

Hakucheka. "Basi leo kaa na kiwiko chako."

Nilikaa nacho. Na kweli, kulikuwa na kitu mle ndani, kama waya wa moto ulioshuka hadi kwenye vidole, na nilipoutazama bila kuufuata ulipoa. Niliogopa. Nilikuwa sijawahi kukaa na huo waya hata dakika moja bila kumpiga mtu.

Mwisho wa kila Alhamisi alifungua daftari, akatuuliza mmoja mmoja: "Wiki hii umempiga mtu?" Tulivyojibu ndivyo alivyoandika. Hakuchunguza. Nilijibu hapana kila wiki, na kila wiki nilikuwa nadanganya.

Maana nilielewa vibaya, na sidhani kama kuna mtu ambaye hakukulia kwenye geti lile angeweza kuelewa vibaya kama mimi. Zamani nilikuwa napiga kwa pupa. Nilirusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki, ngumi mbili zikipata na nne zikienda na upepo. Baada ya Alhamisi nne tano nilianza kuvuta pumzi kwanza. Inaingia, najua inaingia. Inatoka, najua inatoka. Mkono ulitulia, macho yakaona vizuri pua iko wapi, ndipo nikapiga mara moja tu. Wanawake wakaanza kuliachia nafasi jiwe la mama. "Siku hizi huyu mtoto katulia," mama aliwaambia jirani zetu, na kwa macho yake alikuwa anasema kweli. Mimi nilidhani ndiyo dawa yenyewe imefanya kazi.

Jumamosi moja, muhula ukikaribia kwisha, tulikuta kipande cha tofali tulichokitumia kama jiwe letu kimeibwa. Mama hakuwa na kitu kingine cha kuweka. Nilitoa jiwe la nesi mfukoni mwa sweta yangu ya shule, maana alfajiri ile kulikuwa na baridi, nikaliweka kwenye nafasi ya sita. Tuliporudi saa nne kasoro, jiwe lilikuwa mtaroni na kwenye nafasi yetu alikaa mwanamke mmoja mnene juu ya beseni lake, anakula muhogo.

Nilishuka mtaroni nikaliokota. Lilikuwa limelowa maji machafu ya samaki.

"Toka," nilimwambia.

"Nimekukuta hapa?" Aliitazama sweta yangu, akaitambua rangi yake. "Aa, kumbe mwanafunzi! Niguse uone. Jumatatu niko shuleni kwako, namwambia mwalimu wako mnafundisha majambazi."

Nilivuta pumzi. Nilivuta tatu, taratibu, jiwe likiwa mkononi, kama nilivyofundishwa. Niliusikia uzito wake. Nikaulenga mdomo ule wenye muhogo.

Mama alikuwa amelisikia neno shuleni. Aliinama akaingia katikati yetu akiwa ameinua mikono yote miwili, uso kanigeuzia mimi, maneno akimwambia yule mwanamke, "Dada yangu nakuomba, dada yangu, huyu ni mtoto tu," na jiwe likamkuta mama akiomba.

Sauti ya lile pigo ilikuwa ndogo. Watu husema mfupa hulia kwa kishindo, lakini ule ulikuwa mlio kama wa kikombe kugonga sinia. Mama alikaa chini. Alitema kiganjani, akaangalia, damu na meno mawili ya mbele, akafumba mkono. Yule mwanamke aliinuka kwenye nafasi yetu akaenda nyuma kabisa. Geti likafunguliwa. Mama, damu ikimchirizika hadi kifuani, alinisukumia beseni. "Ingia," alisema. "Ingia, sita ni sisi." Niliingia, nikanunua mapanki. Sijui nilitoka vipi mle ndani.

Alhamisi mama alinisindikiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa ameufunika mdomo kwa khanga. Nesi alipouliza, mama alikuwa na jibu tayari: alikuwa anafua ziwani, akateleza kwenye majabali. Aliongea kwa shida, midomo imevimba, na uongo wake ulitoka na mate. Nesi alimpa pole. Akamruhusu akae mlangoni, na kipindi kilipoisha wenzangu wakaenda zao. Tulibaki watatu na lile daftari.

"Na wewe," nesi aliniuliza, "wiki hii umempiga mtu?"

Neno hapana lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mama alikuwa ananikazia macho, anataka nilitamke upesi. Lakini nilikuwa nimekaa nusu saa mkekani nikiutazama ule mdomo chini ya khanga, kwa mara ya kwanza nikifanya kweli alichotufundisha nesi, sifukuzi na sifuati, na mdomo haukuondoka.

"Nimempiga mama," nilisema. "Kwa jiwe lako. Na wengine getini, wiki zote nilizokwambia hapana."

Mama alinizaba kofi lililoniangusha mkekani. Akanifuata chini akaongeza la pili na la tatu.

"Meno yangu!" alilia. "Meno yangu mawili nimeyatoa bure! Nani kakutuma useme? Nani?"

Kiwiko kiliwaka. Mkono wangu ulibaki chini ya paja, na nesi alimshika mama mabega mpaka akaishiwa nguvu wakalia wote wawili. Kisha nesi akaandika. Alikuwa ameahidi kuandika, akaandika, na kuna siku hadi leo namchukia kwa hilo kuliko ninavyojichukia mimi.

Jumatatu nilipewa barua ya kufukuzwa shule. Jumamosi tulikuwa getini. Mama aliweka lile lile jiwe jeusi. Kumbe alikuwa ameliokota siku ile akaliosha. Tulilisimamia wenyewe, hakutaka kurudi nyumbani. Yule mwanamke wa muhogo alipita na beseni lake, akatutazama, akalipiga teke likabingirika hadi mtaroni. Foleni nzima ilinitazama, ikiningoja.

Nilishuka mtaroni. Nililiokota, nikalifuta kwa sketi, nikalirudisha mahali pake, nikasimama nyuma ya mama.

Mama alinigeukia. Pengo lake lilikuwa bado bichi.

"Sasa ndiyo umejifunza?" alisema. "Leo? Leo ndiyo umejifunza?"