Kitabu Ambacho Sote Tulikitaja

Watu wengi wanadhani kazi ya maktaba ni kukaa kimya na kupanga vitabu. Mimi nilipewa kazi inayotangulia hiyo, yaani kuvitafuta na kuviingiza. Kitabu kikifika, ninakipa namba katika daftari la maingizo, ninakipiga muhuri ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho, kisha mwenzangu anakipandisha kwenye rafu. Kisipofika, anayeulizwa ni mimi.

Chuo kikuu chetu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, ni kidogo. Maktaba ni chumba kimoja chenye rafu za mbao za mikaratusi na madirisha mawili. Dirisha la upande wa ziwa tunalifungua. La upande wa barabara hatulifungui kwa sababu ya vumbi la pikipiki. Mvua ikipiga mabati, mtu akitaka kitabu anaandika jina lake kwenye karatasi, maana hata akipiga kelele husikii.

Mwaka ninaousimulia ulianza kwa barua. Ilisema kwamba wakati wa kiangazi watakuja wakaguzi kutoka wizarani, na kwamba kila somo la miaka ya mwisho lazima liwe na angalau kitabu kimoja cha kweli kwenye rafu. Notisi za mwalimu zilizopigwa fotokopi hazitahesabiwa. Idara itakayopungukiwa itafungwa. Sote tulijua ni idara gani inayopungukiwa: kilimo.

Siku ile barua ilipobandikwa ukutani, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho wa kilimo aliisoma mara mbili, kisha akaja mezani kwangu. Ni mama wa watoto watatu, mkimbizi kutoka Burundi, anayekaa kambini nje ya mji na kuja darasani kwa miguu.

“Mama Biblio,” aliniambia, maana ndivyo wanavyoniita, “batatufunga kweli?”

“Vitabu vikifika, hawafungi.”

“Na visipofika? Benzangu batahamia Uvira ao Bukavu. Mi karatasi yangu ya ukimbizi ni ya hapa. Nitaenda wapi na batoto?”

Nilimwambia atulie, aendelee kuandika kazi yake. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimeshaanza kutengeneza orodha.

Ngoja nieleze orodha ya maktaba inavyotengenezwa, kwa sababu kosa langu lilianzia hapo. Njia nzuri ni kuwauliza walimu. Lakini walimu wetu wengi wa kilimo wanatoka mbali. Wanakuja wiki mbili, wanafundisha asubuhi na alasiri mpaka somo liishe, wanatoa mtihani, wanaondoka. Nilipowapigia simu, mmoja akasema, “Nunua chochote kizuri,” na wengine hawakupokea. Basi nikatumia njia ya pili. Kila mwanafunzi anayemaliza anaandika kazi ya mwisho wa masomo, tunayoiita TFC, na nakala moja inabaki kwetu. Nyuma ya kila TFC kuna orodha ya vitabu alivyotumia. Nikazitoa zote za kilimo rafuni, nikakaa nazo siku tatu, nikiweka alama kila kitabu kilipotajwa. Niliona kwamba kitabu kinachotajwa sana ndicho kinachohitajiwa sana.

Kimoja kilizidi vingine vyote. Kilihusu mihogo na udongo wa milima ya kando ya ziwa letu. Jina la mwandishi lilikuwa la kizungu, na mji na mwaka wa kuchapishwa vilikuwapo. Nilikifahamu vizuri. Mimi mwenyewe nilisomea kilimo hapahapa kabla ya kuajiriwa, na nilikitaja katika TFC yangu, ukurasa wa mwisho, mstari wa nne. Sikuwa nimekiona. Rafiki yangu aliyenitangulia alikuwa amekitaja, nami nikaandika kama yeye, nikiamini kwamba yeye alikisoma.

Nilikiweka namba moja. Nikampelekea orodha muuza vitabu mmoja wa Bujumbura ambaye ndiye aliyekubali kutuhudumia, na chini yake nikaongeza: usifunge katoni kabla ya kukipata hicho cha kwanza.

Mvua zikaanza. Mwezi baada ya mwezi muuza vitabu alinipa habari kwa simu. Ninakitafuta bado. Nimemwuliza mwenzangu wa Kigali. Nimeandika Ulaya. Halafu siku moja akaandika: “Mama, vingine vyote viko tayari hapa dukani. Nivitume?”

Nilijibu neno moja: “Subiri.”

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Nilikuwa na sababu. Katoni huja mara moja kwa mwaka, na kitabu kikiachwa nyuma hakifuati. Lakini wiki mbili baada ya hapo vita vikasogea, barabara ikakatika na mpaka ukafungwa. Vitabu vyetu vikabaki ng'ambo, vimefungwa kwa kamba, vikisubiri kitabu kimoja.

Mwanafunzi wangu alikuwa akipita kila Jumatatu. Mwanzoni aliuliza kwa maneno. Baadaye alikuwa anasimama mlangoni na kuinua nyusi tu, nami ninatikisa kichwa, naye anakwenda kukaa na vile vitabu vinne vya kilimo tulivyokuwa navyo. Alikuwa anaandika juu ya ugonjwa unaokunja majani ya mihogo kule Lubondja, milimani, na alihitaji kitu kinachosema juu ya udongo wa kule. “Ile ya milima ikifika,” alikuwa akiniambia, “sura yangu ya pili itakuwa imeisha.”

Ndipo muuza vitabu akaniandikia kwa mara ya mwisho. Mchapishaji aliyetajwa alikuwa amemjibu. Hajawahi kuchapa kitabu hicho, wala hamjui mwandishi huyo.

Nilizitoa tena TFC zote, safari hii nikazipanga kwa miaka. Nikaanza na mpya, nikarudi nyuma moja baada ya nyingine, nikifungua ukurasa wa mwisho tu. Kitabu kilikuwapo, kilikuwapo, kilikuwapo. Niliipita ya kwangu bila kuitazama sana. Mwishowe nikafika kwenye moja ambayo kabla yake hakikutajwa tena. Aliyeiandika ni mwalimu wa sekondari sasa, kule Fizi. Nikapanda pikipiki nikaenda mlimani.

Nilimkuta amekaa mbele ya darasa, anasahihisha madaftari. Alifurahi kumwona mtu wa chuo. Nilipomwonyesha ule mstari, aliusoma, akacheka mpaka akaondoa miwani.

“Aa, hii! Mama, ile kitabu haiko.”

“Haiko dukani?”

“Haiko popote. Mi njo niliitunga.” Aliona uso wangu, akapunguza kicheko. “Directeur wangu, yule wa kusimamia TFC, alitaka vitabu kumi. Nilikuwa na tisa. Siku ya kupeleka ilikuwa kesho. Nikajiuliza, mi ningetaka kusoma kitabu gani juu ya mashamba ya mama yangu? Nikaiandika ile.”

“Na mwandishi?”

“Muzungu. Kama ningeweka Mubembe, mutu wa hapa kwetu, wangeuliza huyu ni nani.”

Nilimweleza kilichotokea, katoni, mpaka na wakaguzi. Alifunga daftari alilokuwa akisahihisha. Kisha akauliza polepole, “Na we, dada, uliitajaka?”

“Nami niliitaja.”

“Uliisoma?” akasema, na macho yake yakacheka kidogo tena, akajizuia. Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki akiniomba msamaha kila hatua, na mimi sikuwa na cha kumsamehe ambacho sikuwa nacho mwenyewe.

Niliporudi Baraka nilimweleza mkuu wa idara ya kilimo. Ni mtu mwema aliyewahi kukaa miezi bila mshahara na akaendelea kufundisha. Alifunga mlango wa ofisi.

“Zimebaki siku kumi,” alisema. “Wakaguzi wanaona nini? Wanaona mgongo wa kitabu. Chukua notisi za zamani, nenda sokoni kwa mtu wa fotokopi, aweke jalada gumu, aandike jina lile. Kinatajwa katika TFC zote, nani atakishuku?”

“Chef, huo ni uongo.”

“Uongo uko tayari, Mama Biblio. Umeukuta. Wewe unaupa jalada tu. Ao unataka kuwaambia batoto ba watu warudi nyumbani?”

Nilifikiria yule mama wa watoto watatu. Nikaenda sokoni.

Nitawaeleza wazi, maana anayefanya kazi hii anaweza kujaribiwa kama mimi: si vigumu kutengeneza kitabu. Mtu wa fotokopi alimaliza kabla ya saa sita. Jalada la kijani, herufi za dhahabu. Ndani kulikuwa na notisi za ufugaji za mwaka wa kwanza. Nilikipa namba katika daftari la maingizo. Nilikipiga muhuri mbele na nyuma. Nikakipandisha mwenyewe kwenye rafu, nikakaa nikikitazama kutoka mezani. Kilipendeza kuliko vingine vyote.

Asubuhi ya wakaguzi nilifungua mapema. Wao walikuwa bado kwa mkurugenzi wa chuo wakinywa chai. Mwanafunzi wangu aliingia, akapita kuniamkia, na kabla sijasimama alikiona.

“Mama! Kimefika!”

Aliruka kidogo, mtu mzima yule, akakivuta rafuni kwa mikono miwili. Alikaa, akatoa daftari lake, akaandika jina la kitabu juu ya ukurasa mpya na kulipigia mstari kwa rula. Kisha akafungua. Akafunua ukurasa mmoja, wa pili, akarudi kwenye jalada, akafunua tena katikati.

“Mama,” alisema, “humu ni bambuzi.”

Nilikaa karibu naye nikamweleza yote, tangu mwalimu wa Fizi mpaka mtu wa fotokopi. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza wapya namna ya kutafuta kitabu. Alinisikiliza akiwa ameshika rula.

“Mwaka muzima,” alisema, “nilikuwa naacha ile sura wazi.”

“Najua.”

“Sasa niandike kama nimekisoma?”

Hakuuliza kwa hasira. Angeniuliza kwa hasira ningeweza kujitetea. Aliniuliza kama mwanafunzi anayemwuliza mtu wa maktaba, na alikuwa tayari kufanya nitakavyomwambia. Nilikichukua kile kitabu nikakiweka ndani ya droo yangu, nikaifunga.

Wakaguzi walikuwa wawili. Mmoja alihesabu rafu, mwingine, mzee mwenye sauti ya chini, alikaa kusoma orodha nyuma ya TFC, kama mimi nilivyofanya mwanzoni. Haikumchukua muda mrefu.

“Mama, hiki cha mihogo kinatajwa na kila mtu. Nionyeshe.”

Mkuu wa idara alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama, akatazama pengo kwenye rafu, akanitazama tena.

“Hakipo, papa,” nilisema.

“Kimeazimwa?”

“Hakijawahi kuwapo. Mtu mmoja alikitunga, na sisi wengine tukanakili. Nami nilinakili. TFC yangu ni hiyo ya tatu kutoka chini.”

Aliivuta, akaifungua, akausoma mstari wa nne.

“Unajua unaniambia nini?”

“Najua.”

“Na vitabu vya kweli viko wapi?”

“Bujumbura, dukani. Niliviambia visubiri hicho.”

Hakucheka. Aliandika. Nje, mkuu wa idara alinipita bila kusimama. “Umetuuza,” alisema. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu.

Uamuzi ulibandikwa palepale barua ya kwanza ilipokuwa. Kilimo hakitapokea wanafunzi wapya. Wa miaka ya chini watafute mahali pengine. Wa mwaka wa mwisho wanaweza kumaliza, mradi watetee kazi zao kabla mwaka haujafungwa, na kila kitabu watakachokitaja kionyeshwe mezani.

Wale wa miaka ya chini walikuja mmoja mmoja kurudisha vitabu na kuchukua karatasi zao. Mmoja kutoka Kazimia aliniambia, “Ungenyamaza tu, Mama, siku moja.” Wengine wamerudi shambani. Ninakutana nao sokoni, nao wananipisha njia kwa heshima, na heshima ile inaniumiza kuliko matusi.

Mwanafunzi wangu alikwenda Lubondja. Alikaa huko wiki tatu akizunguka shamba kwa shamba, akiwauliza wakulima rangi ya udongo, majani yalianza kujikunja lini, na nani alipanda mbegu ya nani. Siku ya utetezi aliweka vitabu vinne mezani. Chini ya majina ya vitabu hivyo, katika orodha, aliandika kijiji kwa kijiji wanawake kumi na wanane aliozungumza nao, na kila mmoja alichomwambia. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba hao si vitabu. Akajibu, “Prof, tukitaka kuwaona, tunaweza kwenda leo.” Alipita, kwa alama za kati.

Kesho yake alileta nakala ya maktaba. Nilifungua daftari la maingizo. Kwenye mstari wa juu kulikuwa na kile cha jalada la kijani, nami nilikuwa nimekikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: hakipo. Niliandika kazi yake chini yake. Hiyo ndiyo iliyoingia mwezi ule, peke yake.

“Sura ya pili nayo?” nilimwuliza.

“Ni fupi, Mama.”

Nilipiga muhuri mbele na nyuma. Katoni iko ng'ambo bado.