Farasi wa Debora Ukingoni mwa Ubao

Debora wa Zombo, kule Kilosa, alijifunza chesi kwa vizibo vya soda, na shoga zake walipokaa kusukana, yeye alikaa kumjengea mfalme wake boma. Ndiyo maana aliupenda ufunguzi wa mchezo uitwao Ulinzi wa Kifaransa: unajifungia ndani, unamwacha mwenzio ajichokee mlangoni.

Siku hiyo, ukumbini Mikumi, timu za vijana za Kilosa na Mikumi zilikuwa sare. Ilibaki meza moja tu, yake na Brayan, kijana wa Mikumi mwenye mdomo kuliko mikono. Atakayeshinda, timu yake inakwenda Morogoro kwenye mashindano ya mkoa.

"Dada, toka basi humo ulimojifungia," Brayan alisema.

"Ingia unitoe, kama we mwanaume."

Debora akamnyanyua farasi. Mara akaingia Mzee Melkizedek, kasisi mstaafu aliyembatiza, akaja moja kwa moja mezani. Kwao Debora, mzee haamkiwi umeketi, wala ukiwa na kitu mkononi. Akainuka, akamtua farasi palipo wazi, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Ameachia!" Brayan aliruka. "Refa, ameachia!"

Mwalimu Cleopa, mwamuzi, akainama kutazama. Farasi alikuwa ukingoni kabisa. Mraba halali, ila wa kijinga.

"Ukiachia, umecheza," alisema, bila kumtazama msichana usoni.

Farasi yule ndiye aliyekuwa akimlinda askari wa katikati; sasa askari kabaki peke yake kama kuku barabarani. Debora akabonyeza saa ya mchezo. Akautazama tena ubao, akaona kitu: malkia wa Brayan akiingia kula pale, njia ya kurudia inapita chini ya kwato za farasi yule yule. Je, ataona? Uso akaufanya wa msibani.

Brayan hata hakupiga hesabu. "Pole, dada," akamla askari kwa malkia, kwa kishindo.

Debora akasogeza askofu, taratibu.

Brayan akanyoosha mkono amrudishe malkia, mkono ukaganda hewani. Huku farasi, huku askofu, nyuma askari wake mwenyewe: malkia amenaswa. Saa yake inakwenda.

"Cheza basi," Debora alisema. "Au babu akuombee?"

Brayan akampa mkono wa kukubali kushindwa. Debora hakuwahi hata kusimama. Wenzake wa Kilosa wakambeba na kiti chake.