Pamba Chini ya Pua

Jumapili ya mwisho ya Mei, saa nane mchana, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amelala mkekani. Miaka mingi alifanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu huko Segese, na vumbi lilimkaa kifuani. Nilidhani anapumzika. Nikapika, nikapakua, ndipo nikamwita.

Binti yetu ni mkimbiaji wa shule yake, mbio za mita elfu moja na mia tano. Baada ya mazishi, mwalimu wa michezo aliwaagiza wakimbiaji walale kidogo kila mchana kabla ya mazoezi. Binti akawa anajilaza kwenye mkeka uleule. Mimi sikuweza hata kuosha vyombo. Nilinyofoa pamba kwenye gunia la mavuno, nikamwekea chini ya pua nione kama inatikisika. Ikitulia kidogo tu, namwamsha.

"Mama, nimelala."

"Najua."

"Sasa unaniamshia nini? Unanichunga kama ndama."

Akageukia ukuta. Nikamwamsha tena.

Mwalimu ana kifaa cha plastiki cha kupimia pumzi, chenye kishale. Mtoto akipuliza kwa nguvu, kishale kinapanda. Huwapima kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita aliniita shuleni. Njia nzima niliona kifua cha baba yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kishale cha binti kinashuka, na mbio pia zimeshuka. Nikimuuliza kama analala mchana, anasema ndiyo. Analala kweli?"

Binti alikuwa amenisitiri. Nilitazama viatu vyangu.

"Namwamsha, mwalimu. Mara tano, mara sita. Naogopa."

Mwalimu alikuwa amekuja msibani, akabeba jeneza.

"Mwache alale wiki nzima, mama. Ijumaa ijayo nampima tena. Kishale kikishuka tena, tutampeleka hospitali, na mbio atasimama kwanza."

Leo Jumatano sijui kama ni usingizi niliomnyima au ni ugonjwa wa baba yake. Yote mawili yananitisha.

Jana alipokula alijilaza, akaichukua pamba mwenyewe, akajiwekea.

"Angalia tu," akasema. "Usiniguse."

Nilikalia mikono yangu. Pamba ilitikisika, ikatikisika, halafu ikatulia. Nikafungua mdomo nimwite. Akavuta pumzi ndefu, akageuka ubavu, na pamba ikaangukia mkekani. Niliiacha hapohapo. Alilala mpaka saa tisa, akaamka mwenyewe, akaomba maji.